Maneno ya Kiingereza ya bahati ya ghafla na ya wingi: "windfall", "bonanza", "plethora" na wenzake hutofautianaje?

Mfasiri Chipukizi

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Kazi yangu ni kufasiri taarifa za uchumi na biashara kutoka Kiingereza, na kuna makundi mawili ya maneno ambayo kila nikikutana nayo kalamu husimama. Kundi la kwanza hutaja heri inayomfikia mtu bila kutarajiwa: "windfall", "bonanza", "jackpot", "godsend", "boon", "fluke" na "serendipity". La pili hutaja wingi: "plethora", "myriad", "glut", "surfeit", "slew", "galore", "umpteen" na mengine ya aina hiyo. Kamusi nilizo nazo hunipa "bahati" au "neema" kwa karibu kundi zima la kwanza, na "wingi" au "tele" kwa kundi zima la pili. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayanielezi kwa nini mwandishi alichagua neno moja akaliacha jingine, na mfasiri asiyejua hilo hufikisha habari huku akipoteza msimamo wa aliyeiandika.

Linalonitatiza zaidi ni "bonanza". Katika taarifa moja hutumika kana kwamba ni bahati, katika nyingine kana kwamba ni wingi tu, na sisi wenyewe tumelichukua neno hilohilo tukalipa maana ya tamasha la michezo, jambo linalowachanganya wasomaji wangu ninapoliacha lilivyo. Naomba mwenye ujuzi anieleze mipaka ya maneno haya, na kama kuna uhusiano wowote kati ya makundi hayo mawili au ni mimi tu ninayeyaona yakigongana.

Mzamia Lulu

Ndugu Mfasiri, swali lako ni zito na linastahili jibu la taratibu. Nitashika kundi la bahati na kuwaachia wengine kundi la wingi.

Jiulize kwanza heri hiyo ilimfikiaje mhusika: je, iliangushwa mbele yake, aliichimba, aliichezea kamari, au alikuwa akiihitaji ikaja? Kiingereza huyatenga hayo yote, na historia ya kila neno ndiyo inayoonyesha mstari ulipopita.

"Windfall" limeundwa kwa upepo na kuanguka. Tangu karne ya 15 lilitaja tunda au tawi lililoangushwa na upepo, ambalo mtu aliweza kuliokota bila kupanda mti wala kushika shoka, na kufikia karne ya 16 lilikwisha kutumika kwa fedha au mali inayokuja bila jasho. Kiswahili kinayo picha iliyo karibu sana na hiyo tunaposema kwamba fulani ameokota embe dodo chini ya mwarobaini. Kiini cha neno ni kwamba aliyepata hakuifanyia kazi faida hiyo, na hapo ndipo neno hili linapokuwa na uzito mkubwa katika taarifa unazozifasiri. Mwaka 1980 Marekani, chini ya Rais Jimmy Carter, ilitunga sheria ya kodi juu ya "windfall profit" ya mafuta ghafi, ikaifuta mwaka 1988. Uingereza ilitoza kodi ya mara moja ya namna hiyo mwaka 1997 kwa makampuni ya huduma za umma yaliyokuwa yamebinafsishwa, na mwaka 2022 ikaweka tozo nyingine kwa wachimbaji wa mafuta na gesi baada ya bei kupanda kufuatia vita vya Ukraine. Kila mara hoja ya serikali imekuwa kwamba faida ile ililetwa na upepo, si na ubunifu wa kampuni, na kwa hiyo umma una haki ya kudai sehemu yake. Makampuni nayo hujibu kwamba yaliwekeza na kubeba hatari miaka mingi kabla upepo haujavuma. Mfasiri akiandika "faida kubwa" tu, amefuta hoja nzima. Mimi huandika "faida ya ghafla isiyotokana na juhudi" mara ya kwanza, kisha "faida ya ghafla" katika sehemu zinazofuata.

"Bonanza" lilisafiri safari ndefu zaidi, na nalipenda kuliko yote. Wagiriki walikuwa na neno lenye maana ya ulaini. Walatini wakalichukua kwa umbo la "malacia" wakimaanisha utulivu wa bahari. Baadaye wasemaji walisikia ndani yake silabi zinazofanana na neno la Kilatini la ubaya, na kwa kuwa bahari tulivu si jambo baya, wakazibadilisha ziwe za wema: "bonacia". Kihispania kikarithi "bonanza", yaani bahari shwari. Wachimba madini waliozungumza Kihispania wakalihamishia ardhini, wakaliita hivyo pigo la bahati la kufikia mshipa mnono wa madini, na mshipa ulipokauka walisema wameingia "borrasca", yaani dhoruba. Kiingereza cha Marekani kikalipokea kutoka kwao. Lililolipa umaarufu ni mashapo ya madini ya fedha ya Comstock huko Nevada, Marekani, yaliyotangazwa mwaka 1859, na hasa ugunduzi mkubwa wa mwaka 1873 chini ya mji wa Virginia City, uliowatajirisha John Mackay, James Fair, James Flood na William O'Brien kiasi cha kuitwa wafalme wa bonanza.

Kwa hiyo "bonanza" halilingani na "windfall". Mchimbaji alikuwa amekwisha kuchimba. Bahati yake ni kwamba alichokifikia kilikuwa kinono na kiliendelea kutoa kwa muda. Ndiyo maana magazeti huliita bonanza la wauza maduka lile wimbi la mauzo la msimu fulani: watu wanafanya kazi, lakini mavuno yamezidi kipimo cha kawaida. Wingi umo ndani ya neno lenyewe tangu mgodini, na hilo ndilo jibu la kuliona kwako katika makundi yote mawili. Katika Kiswahili usiliache lilivyo, kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. "Neema ya mauzo" au "msimu wa mavuno" husomeka vizuri zaidi.

"Jackpot" ni mtoto wa karata. Katika aina moja ya poka iliyokuwa ikichezwa Marekani katika karne ya 19, hakuna aliyeruhusiwa kufungua dau mpaka awe na jozi ya karata za ghulamu, ambazo Kiingereza huziita "jack", au bora kuliko hiyo. Ikiwa hakuna aliyekuwa nayo, fedha zilibaki katikati na nyingine zikaongezwa juu yake. Neno basi hubeba mambo mawili, mchezo wa kubahatisha na fungu lililolimbikizwa kwa kushindwa kwa waliotangulia. Umbo la "jakipoti" limekwisha kuenea katika Kiswahili na sioni sababu ya kulikwepa.

"Godsend" hudai kuwe na shida kwanza. Mtu aliyeshiba hapati "godsend"; aliyekwama ndiye anayepata, na mara nyingi huwa ni mtu au kifaa, si fedha. Asili yake ni usemi wa kale wa kitu kilichotumwa na Mungu. Mwanzoni mwa karne ya 19, hata hivyo, lilitumika pia na wakazi wa pwani kuitaja meli iliyovunjika, kwa sababu shehena yake ililetwa ufukweni na mawimbi, na hapo msomaji wa Kiswahili hukumbuka mara moja kwamba kufa kufaana. "Boon" nalo lilianza kama ombi au dua katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, likawa kile kilichoombwa, na leo ni manufaa yanayodumu, bila sharti la kuwa ya ghafla. Barabara mpya ni "boon" kwa wakulima, si "windfall".

Kuwa mwangalifu na "fluke". Lilitoka kwenye meza ya biliadi katikati ya karne ya 19, kwa pigo lililofaulu bila mpigaji kulikusudia, na tangu hapo humnyima mtu sifa ya ustadi. Kulitumia kwa ushindi wa mtu ni kumshusha.

"Serendipity" linamtukuza mhusika badala ya kumshusha. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilibuni katika barua yake ya tarehe 28 Januari 1754, akilitoa katika hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, kisiwa ambacho Waarabu walikiita Sarandibu na ambacho leo ni Sri Lanka. Wana hao, alivyoeleza, walikuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta kwa ajali pamoja na werevu, na huo werevu ndio watu wengi wanaousahau. Wilhelm Röntgen, aliyegundua eksirei, mwaka 1895 aliona mng'ao ambao hakuutarajia, na Alexander Fleming, aliyegundua dawa ya penisilini, mwaka 1928 aliona kuvu katika kisahani cha bakteria. Mwingine angeupuuza mng'ao na kukiosha kisahani. Kushinda bahati nasibu hakuwezi kuitwa "serendipity", hata zawadi iwe kubwa kiasi gani.

Kalamu Nyekundu

Namshukuru Mzamia Lulu kwa maelezo yaliyokwenda chini kabisa. Mimi ni mhariri, na nitayatazama maneno ya wingi kwa jicho la kazi hiyo, kwa maana mhariri hukutana nayo yakiwa yamekosewa.

Waswahili hatuna haja ya kufundishwa kwamba wingi una hisia. Tukisema vyakula ni maridhawa, tumesifu. Tukisema watu walijaa pomoni, tumetaja kujaa kwa mahali. Tukisema kuna utitiri wa kodi, hakuna msikilizaji atakayedhani tumefurahi. Kiingereza kiko hivyohivyo, na kosa la kamusi nyingi ni kuyamwaga maneno yenye sifa, maneno yenye lawama na maneno yasiyo na upande katika kapu moja la "wingi".

Upande wa lawama una wakazi wengi kuliko watu wanavyodhani. "Glut" latokana na neno la Kifaransa cha kale la kumeza, na leo karibu daima hutaja bidhaa zilizozidi mahitaji sokoni mpaka bei ikaanguka. Kwa hiyo "glut" ya mafuta ni habari mbaya kwa muuzaji hata ikiwa mnunuzi anashangilia, na tafsiri yake ni "mrundikano" au "ziada inayoshusha bei". "Surfeit" ni kupita kiwango cha kuridhika mpaka kukinai. Waingereza hulikumbuka kwa kifo cha mfalme wao Henry wa Kwanza mwaka 1135, ambaye mwandishi wa historia Henry wa Huntingdon alisema aliugua baada ya kula lamprei, viumbe wa majini wanaofanana na mikunga, kinyume cha ushauri wa tabibu wake. "Spate" ni maji ya mto yaliyofurika, na hutumika kwa matukio mabaya yanayofuatana kwa muda mfupi: wizi, ajali, kujiuzulu kwa viongozi. Sijawahi kuupitisha mswada wenye "spate" ya harusi bila kuuliza kama mwandishi alikusudia kulalamika.

"Plethora" nalo naliweka upande huu. Kwa matabibu wa zamani waliofuata mafundisho ya Kigiriki, lilikuwa jina la maradhi, hali ya mwili kuwa na damu kupita kiasi, na tiba yake ilikuwa kumtoa mgonjwa damu. Lilipoingia katika lugha ya kawaida lilikuja na ugonjwa wake. Mwandishi makini akiandika kwamba kuna "plethora" ya kanuni, anasema ni nyingi mno kuliko zinavyohitajika, na "utitiri" hulitafsiri bila kupoteza kitu.

Upande wa sifa una "abundance", "cornucopia" na "a wealth of". "Cornucopia" ni pembe ya neema ya hekaya za Wagiriki na Warumi, isiyokwisha matunda na nafaka, na ni neno la mapambo lisilofaa katika taarifa ya mizania. "A wealth of" hutumika kwa vitu ambavyo kuwa navyo ni utajiri, kama uzoefu, ushahidi au takwimu. Hatusemi "a wealth of" makosa.

Yasiyo na upande ni "a host of", ambalo asili yake ni jeshi, na "myriad", ambalo kwa Wagiriki lilikuwa elfu kumi kamili kabla ya kuwa idadi isiyohesabika. Kuna walimu wanaokataza kusema "a myriad of" wakidai kwamba "myriad" ni kivumishi tu. Katazo hilo halina msingi, kwa maana matumizi yake kama nomino ndiyo ya zamani zaidi katika Kiingereza. "Slew" pia halina upande, ila ni la mazungumzo na lina ladha ya Kimarekani. Lilitoka katika neno la Kiayalandi "sluagh", umati au jeshi, na liliingia katika maandishi ya Marekani katika karne ya 19.

"Galore" ni rafiki yetu, kwa sababu hukaa tunapokaa sisi. Latokana na maneno ya Kiayalandi "go leor", yaani ya kutosha, na limehifadhi mahali pake pa asili: hufuata nomino, tofauti na vivumishi karibu vyote vya Kiingereza. Mswahili anayesema "vitabu tele" hatapata taabu kusema "books galore". Akumbuke tu kwamba ni neno la uchangamfu na halikai vizuri katika ripoti ya mkaguzi wa hesabu.

Kisha lipo "umpteen", ambalo halihesabu chochote ila huonyesha uvumilivu uliokwisha. Lilianza na "umpty", jina la mzaha la mstari katika alama za Morse, yaani mfumo wa nukta na mistari wa kutuma ujumbe kwa telegrafu, na askari wa Vita Kuu ya Kwanza wa Uingereza walilieneza. Tafsiri yake ni ile tunayoisema kila siku: nimekwambia mara ya sijui ngapi.

Mfasiri Chipukizi

Nawashukuru nyote wawili, na tayari nimeona sentensi kadhaa katika rasimu yangu zinazohitaji kuandikwa upya. Ninalo swali moja la nyongeza kwa Kalamu Nyekundu. Katika taarifa ninayoifasiri sasa, shirika linajisifu kwamba linawapa vijana "a plethora of opportunities". Haielekei kwamba linalalamika kuwa nafasi zimezidi. Je, niandike utitiri wa fursa?

Mwalimu wa Sarufi

Kabla Kalamu Nyekundu hajajibu, naomba kupingana naye kwa heshima katika jambo hilo. Asili ya neno ni ushahidi wa lilikotoka na haiwezi kuwa hukumu ya lilipo leo. Waandishi wengi wa Kiingereza wa sasa, na miongoni mwao wamo wazuri, hutumia "plethora" kwa maana ya wingi mkubwa tu, na baadhi ya kamusi zao zinaikubali maana hiyo. Mfasiri anafasiri alichokusudia mwandishi, kwa hiyo katika sentensi hii "fursa nyingi za kila namna" ni sahihi, na "utitiri" ungemfanya msomaji adhani kuna dosari.

Ningependa pia kulijibu swali la mwisho la mwanzisha mada, ambalo halijaguswa ipasavyo: kama makundi haya mawili yana uhusiano. Uhusiano upo, na umejificha katika neno la kawaida kuliko yote. "A lot", ambalo kila mwanafunzi hulijua kwa maana ya "nyingi", lilianza kama kijiti au kipande cha mti cha kupigia kura. Kilichoamuliwa kwa kura kikawa fungu la mtu. Fungu likawa lundo la bidhaa linalouzwa pamoja mnadani. Lundo likawa wingi wa kitu chochote. "Lottery" ni la ukoo huohuo. Tazama sasa "fortune": kwa Warumi lilikuwa jina la mungu wa bahati, na leo mtu akisema nyumba iligharimu "a fortune" anataja kiasi, bila kuifikiria bahati hata kidogo. Kiarabu kilitupa "nasibu" kutoka neno lenye maana ya fungu au sehemu ya mtu, nasi tukaliunganisha na bahati tukapata bahati nasibu. Inaonekana watu wa lugha mbalimbali wamefuata njia moja: kwanza kuna kura, kisha kuna fungu lililoangukia mtu, kisha kuna ukubwa wa fungu hilo. "Bonanza" halikupotea njia, ndugu yangu; limekamatwa likiwa katikati ya safari ambayo "lot" imekwisha kuimaliza.

Kalamu Nyekundu

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu sentensi ya shirika hilo: andika "fursa nyingi za kila namna". Sikubali, hata hivyo, kwamba maana ya kuzidi imekufa. Katika maandishi ya sheria, tiba na uchambuzi wa sera, "plethora" bado lina lawama mara nyingi, na njia ya kuitambua ni kutazama nomino inayolifuata. Ikiwa ni fursa, mawazo au zawadi, mwandishi anasifu. Ikiwa ni kanuni, kamati, fomu au vibali, analalamika, na hapo utitiri ndio mahali pake.

Kwa kuwa unafasiri taarifa za uchumi, nakuongezea tahadhari moja inayohusu wingi unaohesabika. "Zillion" na "gazillion" yana sura ya tarakimu lakini si idadi; ni maneno ya kutia chumvi yaliyoundwa kwa kuigiza "million" na "billion", na yasitafsiriwe kwa tarakimu yoyote. "Billion" lenyewe ni idadi kamili, lakini si idadi ileile katika vitabu vyote. Waingereza kwa muda mrefu walilitumia kwa milioni milioni moja, huku Wamarekani wakimaanisha milioni elfu moja, na ni mwaka 1974 ambapo serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba takwimu zake zitafuata hesabu ya Kimarekani. Ukikutana na "billion" katika taarifa ya Uingereza ya kabla ya mwaka huo, angalia jedwali na jumla zake kabla ya kuandika "bilioni", kwa sababu kiasi kinaweza kuwa kikubwa mara elfu moja kuliko unavyodhani.